Wote Huuliza Figo

Watamu, 6 Mei 2023

Dada Kabibi,

Shikamoo. Natumai wewe na shemeji Mramba mu wazima, na mahindi ya Vitengeni yameota.

Figo ulilonipa halina neno. Ni mguu. Niliteremka mnazini na kibuyu changu cha tembo, nikasikia kitu kinapasuka kisiginoni. Nikageuka nione nani kanipiga fimbo. Hapakuwa na mtu. Daktari anasema kano imekatika. Vidonge vinavyozuia mwili usilikatae figo ndivyo vilivyoilegeza, na dawa niliyopewa ya maambukizi ya mkojo ikaimaliza. Magoti nayo yamevimba.

Kugema basi.

Ndugu yako, Lewa

Vitengeni, 20 Mei 2023

Ndugu yangu Lewa,

Marahaba. Sisi wazima. Pole sana. Mwambie daktari maumivu yote, akupimie dawa upya. Usiache mwenyewe hata kidonge kimoja. Pakikushinda huko, njoo na mkeo Purity, nyumba ipo.

Na figo, laendeleaje?

Dada yako, Kabibi

Watamu, 8 Julai 2023

Dada,

Shikamoo. Hali ni ile ile.

Umeuliza figo. Kila aingiaye hapa huuliza figo. Mguu hauulizwi na mtu. Kliniki wamepima damu, wakafurahi: "Figo safi kabisa, Lewa!" Nami nimeingia pale nikiuburura mguu. Juzi Purity kanivika suruali.

Usinialike kuja kulishwa.

Ndugu yako, Lewa

Vitengeni, 2 Septemba 2023

Lewa,

Hujambo? Nakupigia simu, hushiki. Jana Purity kanipigia akilia: uso umekuvimba, mkojo hautoki, na vidonge kavikuta umevifukia nyuma ya choo. Ni kweli? Nijibu wewe.

Nilipasuliwa ubavu kwa ajili yako.

Dada yako, Kabibi

Malindi, 30 Septemba 2023

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Ni kweli. Nilipoviacha, magoti yalitulia kidogo, nikapata usingizi. Nikasema nitavirudia kesho. Sikuvirudia. Figo limekufa, na mguu haukupona.

Mdogo wetu Owen anataka kunipa lake. Mkataze wewe, mimi hanisikii.

Ndugu yako, Lewa

Vitengeni, 5 Oktoba 2023

Lewa,

Shikamoo yako nimeiona. Sina marahaba leo.

Owen nimemwita, nimemkataza. Kalia, kaniita katili. Neno la kumwambia lilikuwa lako, nalo pia umeniachia mimi.

Jumanne nitakuja kukupeleka kwenye mashine, na Jumanne zinazofuata. Usinishukuru. Siku utakayonishukuru nitashuka kwenye tuktuk nirudi kwangu.

Kabibi