Sikutia Sahihi, Nilisema Inshallah

Alhamisi, Bagamoyo. Manyunyu tangu alfajiri, na paa la chumba ninachopanga limeanza tena kudondosha maji kwenye rafu ya vitabu. Vitabu nimevihamishia kitandani. Mimi nimekaa kitini, nimefura kwa hasira.

Asubuhi nimepokea barua ya wakili wangu. Kwa miaka yote mitatu ya kesi ameniita Mjomba. Humu ndani ya barua naitwa Mteja.

Hamisi ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alinisimamia kesi ya fidia ya shamba la baba, lile tulilohamishwa nikiwa bado na nywele nyeusi. Tumeshinda. Fedha zimeingia kwenye akaunti ya ofisi yake, na huko zimekaa. Barua inasema atanipa changu nikikubali kwamba robo ni ujira wake, "kama tulivyokubaliana kwa mdomo".

Robo!

Nikampigia simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hiyo robo tulikubaliana lini?"

"Siku ile ya kwanza, ofisini. Nilikwambia wenzangu hutoza robo, ila sisi tutaelewana. Ukasema Inshallah."

Ni kweli, nilisema. Lakini mimi nasema Inshallah kwa kila kitu. Fundi aliniahidi kuziba paa Jumamosi, nikasema Inshallah, na paa ndilo hili. Nilikuwa naitikia ile "tutaelewana". Robo niliisikia kama mtu anavyosikia bei za duka asilokusudia kuingia.

Kinachoniudhi zaidi ni mimi mwenyewe. Nimestaafu ukarani. Watu wazima wamesimama mbele ya meza yangu, nikawarudisha makwao kwa kukosa karatasi moja. Zamu yangu ilipofika, niliona haya kumwambia mtoto niliyempakata: andika. Kwetu mpwa huingia kwa mjomba wake akakamata kuku bila hata kuaga. Nani atamdai mkataba?

Sasa amekuja na tenga, abebe banda zima.

Simnyimi haki yake. Amehangaika na kesi ile, na ameifanya vizuri. Nataka tu aorodheshe kazi zake moja moja, na tukishindwana, mahakama ikadirie. Nimeuliza, njia hiyo ipo.

Ila kuna kiwanja chenye vyumba viwili, njia ya Makurunge, na mwenyewe atanisubiri hadi mwisho wa mwezi tu. Robo ikitoka, kinachobaki hakikinunui. Nimeishi kwenye nyumba za watu tangu tulipohama. Sitaki jeneza langu litolewe kwenye chumba cha kupanga.

Alasiri Hamisi amepiga tena, sauti imelainika.

"Mjomba, tusifikishane mbali. Nipe thumuni, nusu ya ile robo, kesho tuyamalize."

Inshallah ikafika mpaka kwenye meno. Nikaimeza.

"Andika," nikasema.

Akacheka. "Mjomba nawe, umeanza lini mambo ya karatasi?"

"Leo."



Nimechukua karatasi kavu, nimeanza barua yangu. Nimeandika "Ndugu Wakili", kama nilivyoandika kwa watu nisiowajua miaka yote ya kazi, na hapo kalamu imesimama. Kesho asubuhi lazima barua iende. Je, neno hilo la kwanza, Ndugu, nilikate, au niliache?