Si Hasira za Mama, Ni Kompyuta

Nyumba ya mlango wa kijani,
Ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani.
Jumanne, tarehe 12 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Kisulisuli,

Pokea salamu nyingi, zile za mtu aliyevua viatu na kukaa kitako kabla hajaanza kukuuliza habari. U mzima? Unalala vizuri? Bado unasahau chai mezani mpaka inapoa, halafu unailaumu? Na hayo meno ya bandia unayowachongea watu wa huko, yanatafuna? Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto ndilo limeanza kuzeeka peke yake, limeona hakuna haja ya kuningoja. Wifi yako hajambo, amezama kwenye mitihani ya kusahihisha. Mama hajambo, tena anakula, na kwa kuwa najua roho yako iko hapo, sitakuzungusha.

Mama hajakukasirikia.

Uliponiandikia juzi Jumapili, "Kaka, Mama amenikasirikia? Jumapili tatu hajanipigia," nilikujibu kwa ufupi kama kawaida yetu: "Hajakasirika. Subiri barua." Najua jibu la namna hiyo linamtesa mtu kuliko ukimya. Lakini jambo lenyewe ni refu, mkosaji ni mimi, na kwenye simu ningeliharakisha ili nisiaibike. Bahati nzuri mwenzangu wa ofisini anakuja huko kesho kwa mafunzo, atakufikishia mkononi. Kaa, usome polepole.

Yote yalianza na kompyuta ya nyumbani, ile uliyotuachia. Unakumbuka ilivyokuwa ikijivuta, basi ilizidi. Ilifika mahali unaiwasha, unabandika maji ya chai, yanachemka, unakunywa, unaosha kikombe, ndipo inakuamkia. Nikamwita fundi wa kompyuta wa ofisini kwetu, yule tunayemwita Zima-Washa kwa sababu umpelekee ugonjwa wowote, dawa yake ya kwanza ni hiyo. Akaizima, akaiwasha, akatikisa kichwa. Akasema mfumo uliomo umezeeka, haupati tena matengenezo, na ndani mmejaa virusi. Kilichobaki ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo mwingine. Nichague: toleo jipya la ule ule tuliouzoea, ambalo kwa mashine ya umri huu lingekuwa mzigo, au Linux, ambayo ni ya bure na nyepesi, lakini sura yake ni nyingine.

Wewe unanijua nikipewa kuchagua. Nilisoma siku nne. Kazini, huku masijala, faili zikaningoja, na nyumbani nikawa siwezi kuomba chumvi bila kutaja faida na hasara. Wifi yako akaniambia, "Mume wangu, siku hizi unaongea kama kile kijitabu kinachokuja na friji."

Zima-Washa aliniagiza jambo moja tu: kabla hajafuta, niorodheshe kila mtu wa nyumba hii anatumia nini, asije akaacha kitu. Kazi ya karatasi! Nilifurahi kama mtoto. Nikachora fomu yenye safu nne: mtumiaji, programu, mafaili, maelezo. Nikajaza yangu. Nikajaza ya wifi yako, mitihani yake yote hadi ile ya miaka ambayo wanafunzi wenyewe sasa wana watoto. Chini nikatia sahihi na tarehe. Mama sikumwandika. Nilijiambia Mama hatumii kompyuta, Mama anapiga simu tu. Mtu aliyekuwa akiigusa ile mashine kwa mapenzi kuliko sisi sote hakupata hata mstari.

Unajua anavyokupata, wewe ndiye uliyemfundisha, wiki ile ya mwisho, masanduku yako yakiwa yamejaa ukumbini. Maandishi ya Kiingereza hana habari nayo. Anahesabu picha za kwenye kioo kwa kidole kutoka juu: moja, mbili, tatu, ile yenye uso wako. Anabonyeza mara mbili upesi, anakunja mikono, anangoja. Mlango kaufunga. Haitwi mtu wala hakaribishwi mtu. Ile nusu saa ya kila Jumapili ni yenu. Nimeishi naye miaka hii sita tangu uondoke, na mimi sijawahi kupewa nusu saa ya mlango uliofungwa.

Basi nikachagua Linux. Zima-Washa akafuta, akaweka, ikawaka kabla sijafika jikoni. Nikajisifu nyumba nzima. Sikuona, au niliona nisijali, kwamba picha zote zimehamia chini, zimejipanga mstari mmoja, ndogondogo kama vifungo vya shati, na ya uso wako haimo. Ile programu ya kukupigia haikuwekwa kabisa, maana haikuwa kwenye fomu. Ndiyo sababu hata ulipojaribu kupiga wewe, huku hakikulia kitu.

Jumapili ya kwanza Mama akaingia chumbani kwake, kwenye kompyuta, akafunga mlango. Tukamsikia akiongea. Baada ya nusu saa akatoka, akasema, "Kisulisuli anawasalimu." Jumapili ya pili hivyo hivyo: unatusalimu, ulipata mafua lakini yamekuachia. Jumapili ya tatu, yaani juzi, akaniletea salamu zangu maalumu: "Anasema upunguze tumbo." Sikufichi, nilikununia, kama dakika arobaini hivi. Ndipo ukaingia ujumbe wako.

Niliusoma nimesimama, nikausoma tena. Nikaenda chumbani kwa Mama, nikawasha kompyuta, nikajaribu kuitazama kama anavyoitazama yeye. Nikaweka kidole juu ya kioo nihesabu. Moja haikuwepo. Juu pale palikuwa na rangi tupu.

Nilipogeuka, alikuwa mlangoni.

"Umeshajua," akasema.

"Mama, ulikuwa ukiongea na nani?"

"Na mwanangu."

"Lakini hakuwepo."

"Najua hakuwepo, mimi si kipofu. Nyinyi mlikuwa nje mmetega masikio. Ningekaa kimya mngeanza kuniuliza."

"Kwa nini hukuniita?"

"Nikuite uje uniambie, 'Mama, si nilishakuonyesha?'"

Mdogo wangu, ile ilikuwa sauti yangu hasa. Hata mkono aliouweka kiunoni ulikuwa wangu. Kisha akakaa kitandani, akasema neno lililonikata maini.

"Mimi nilidhani amejitoa mwenyewe. Aliponiambia anaongeza miaka miwili ya kazi huko, nilimjibu 'haya,' nikakata. Jumapili iliyofuata nikakuta hayupo. Nikasema, basi, amekasirika, ameuondoa uso wake."

Umeona? Wewe huko unadhani amekununia, yeye huku anadhani umejifuta, na katikati yenu nimekaa mimi, mtaalamu wa siku nne. Nilitaka kukupigia palepale kwa simu yangu umwone. Akakataa. Unajua anavyoisema simu yangu: eti humo si mtu, ni stempu. Na zaidi ya hapo, alisema hataki kupigiwa wala kushikiwa. Anataka akupate mwenyewe, kama zamani.

Jana Jumatatu nikamrudisha Zima-Washa, na safari hii mwenye kuchagua akawa Mama. Alipewa kiti, mimi nikapewa stuli na amri ya kunyamaza.

"Nirudishie ile ya zamani," akasema.

"Mama, ile ya zamani ni sawa na kulala mlango wazi," fundi akamjibu.

"Huo mlango wazi ndio uliokuwa ukimleta."

Zima-Washa alikuna kichwa, hakuwa na la kuzima wala la kuwasha. Lakini ni mtu mpole yule. Akatoa flashi mbili mfukoni. Kumbe hata Linux si moja, ziko nyingi, kila moja na sura yake, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Mimi katika siku zangu nne hilo nililipita kama sikuliona. Akamwekea ya kwanza. Mama akaizungukazunguka.

"Hii inaniuliza maswali kabla sijakaa."

Akamwekea ya pili.

"Hii inaninyamazia, afadhali. Lakini mwanangu kawekwa chini, kama kaanguka."

Fundi akaiokota picha yako kule chini, akaipandisha juu, ya tatu, pale pale ilipokuwa. "Mkuze," Mama akasema. Akaikuza. "Mkuze." Ikawa kama kisosi.

"Mama, ukizidisha hapo utaifunika saa," fundi akasema.

"Saa ya nini? Nikiwa naye mimi sitazami saa."

Ikafunikwa. Hivyo tumebaki na Linux, ila si kwa sababu hata moja kati ya zile nilizozisoma.

Tangu jana anajizoeza. Sasa ni kubonyeza mara moja, si mbili, na kidole chake hakijakubali; miaka sita kimezoea mbili. Kwako hapigi mpaka awe na uhakika. Anapiga kwangu. Uso wangu umewekwa pembeni ya wako, mdogo, wa kufanyia mazoezi. Leo tangu nirudi kazini amenipigia mara kumi na moja kutoka chumba cha pili. Niko jikoni namenya vitunguu, simu inalia.

"Haloo, Mama."

"Nakuona."

"Na mimi nakuona."

"Haya, kata."

Mara moja alimpata Zima-Washa kwa makosa, wakazungumza robo saa. Sijaambiwa walizungumza nini. Na mara moja, nadhani ilikuwa ya nane, alinipigia asiseme kitu. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa pembeni kidogo, kwenye ile picha yako, na alikuwa amesahau kwamba kuna mtu upande wa pili. Sikumwita. Nilishika simu mkono mmoja na kitunguu mkono wa pili, na wifi yako alipoingia nikamsingizia kitunguu.

Tena si yeye peke yake. Wiki iliyopita nilimwona mwanamke barabarani anatembea mwendo wako, ule wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha pasi kwenye moto. Nikamfuata mpaka kwenye duka la vioo, nikajiona humo mara sita, tumbo na yote, nikakumbuka umri wangu nikarudi. Sisemi uvunje mkataba. Miaka miwili ni yako, fanya kazi yako, watu wapate meno. Ninachosema ni kwamba ile "haya" ya Mama usiisome kama ilivyosikika. Alikata upesi ili usimsikie akilia. Hakuniambia hivyo. Nilikuwa nje ya mlango, nimetega masikio, kama alivyosema.

Sasa nina ombi. Jumapili hii, saa nne asubuhi kwa saa za huku, kaa mezani kwako. Usipige wewe. Najua vidole vitakuwasha, vikalie. Ikilia ikakatika kabla hujapokea, ni kile kidole kimebonyeza mara mbili. Usimfuate, ngoja, atarudia. Ukipokea ukaona paji la uso tu, au dari, usicheke. Anakuwa anatafuta pa kukaa. Nilimuuliza atakuambia nini, akasema kuna maneno yaliyopaswa kufuata baada ya ile "haya," na si yangu. Hajui kama nimekuandikia haya yote. Kwa hiyo akitokea, shangaa. Si sana, atakugundua.

Wifi yako anakusalimu sana. Mwanangu wa mwisho, yule mwenye mapengo mawili mbele, anauliza kama shangazi anaweza kumchongea mapema kabla ya picha ya shule. Mimi nimemwambia angoje yake. Mjomba wa baiskeli anakusalimu, na baiskeli pia. Zima-Washa hakujui, lakini anasema kwa ukubwa wa ile picha akikutana nawe njiani hatakukosa. Nisalimie yule mpangaji mwenzako anayeimba akipika.

Mungu akutunze huko uliko, mikono yako isitetemeke kazini, na kila unapofungua mlango wa chumba chako ukute amani imetangulia kuingia.

Ni mimi nikupendaye siku zote, ijapokuwa ujumbe wangu ni wa maneno mawili matatu,

Kaka yako.

Nyongeza: Nilikuwa nakunja karatasi, amepiga tena. Nimepokea nikaona kiti kitupu. Sauti yake inatoka mbali, kabatini, inauliza gauni la bluu ulilomtumia nimeliweka wapi, anataka alivae aone kama kwenye kioo litaonekana bluu.