Wilaya Ambayo Wenyewe Wanaihama

Troyeville, Johannesburg
Septemba 2016

Mama yangu,

Jambo sana. Mguu umepona kweli, au bado unaufunga kitambaa na kumdanganya dada Furaha kwamba hauumi? Sisi wazima. Baba Neema bado analinda lango la matajiri kule Sandton, mimi bado nashona. Neema anasikia Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kizulu. Eish, najiona mgeni nyumbani kwangu.

Mama, nimechanganyikiwa. Ofisi ya kuhamisha wakimbizi imetuita: tumekubaliwa Amerika! Nilipiga vigelegele mpaka askari wa mlangoni akaja kuchungulia. Kisha mama wa ofisi akanipa karatasi inayoeleza wilaya tutakayopelekwa. Nimeisoma mara nne, na kila nikimaliza nazidi kupotea.

Inasema nchi ni tambarare, mto mmoja, mahindi mpaka macho yachoke, na ng'ombe wengi kuliko watu. Mimi mtoto wa Uvira, nitajuaje njia ya nyumbani pasipo mlima? Jina la wilaya ni la kabila la zamani. Nikauliza, "Wenyewe wako wapi?"

"Walihamishwa."

"Na nani?"

Akaanza kupanga karatasi zake. Tena imeandikwa kwamba kila wakihesabu, watu wamepungua. Vijana wanakimbilia mijini, nyumba zinabaki tupu. Sasa mwenye nchi anaikimbia, mimi mkimbizi ndiye ninayeikimbilia? Baba Neema anacheka tu: "Angalau huko hakuna jirani wa kutuvunjia mlango kama hapa, eti sisi wageni."

Lakini hilo silo linalonila. Yule mama aliniuliza, "Nyumba za huko ni kubwa. Una mzazi wa kumwombea akufuate baadaye?" Nikaomba muda wa kufikiri.

Mama, nisamehe. Siku ya kwanza kwenye foleni ya kuomba hifadhi kule Pretoria, watu wetu waliniambia: mwenye mama hai hawamwamini kwamba amekimbia, andika amekufa. Nami nikaandika. Miaka yote hii, kwenye faili yangu wewe ni marehemu. Nikisema ukweli, wanaweza kutufuta sote watatu. Nikinyamaza, nitafagia vyumba vitupu ambavyo hutavikanyaga kamwe. Baba Neema anasema ninyamaze, eti siku moja karatasi itakuwa kweli. Kwa neno hilo, siku mbili sikumpikia.

Nisalimie dada Furaha anayekutunza, mjomba fundi baiskeli, na yule mama wa kwaya aliyenifundisha cherehani.

Anayekuletea barua hii ni muuza vitenge. Atarudi huku baada ya wiki mbili, na ofisi inangoja jibu langu mwisho wa mwezi. Usinipigie simu. Niandikie kwa mkono wako, hata mistari miwili, uweke na alama ya kidole gumba chini. Nitaiweka mezani mbele ya yule mama, wafute wakitaka kufuta.

Mtoto wa mama aliye hai,
Mapendo