Rangi kwenye Mawe ya Njia ya Pwani

Kijijini, 23 Aprili 1998

Mwanangu Stratis,

Kristo amefufuka! Hujambo huko Athene? Kifua kimepona? Mimi sijambo, ila magoti tu. Nilikuwekea mayai mekundu ya Pasaka, hukuja, nikayala mwenyewe kwa hasira.

Kuna mtu ananitia shaka. Kila asubuhi anapita njia ya pwani kwenda kwenye magofu, anapaka mawe rangi. Sasa amefika kwenye shamba langu la mizeituni, nililopewa na baba nilipoolewa. Nawe unajua huku kwetu anayepaka jiwe rangi anasema: hapa pangu. Nikamwuliza, "We bwana, nani kakutuma?" Akacheka, akanipa biskuti. Biskuti nimempa punda.

Mama yako,
Evanthia

Athene, 2 Mei 1998

Mama mpenzi,

Kweli amefufuka! Shikamoo. Kifua kimepona, na kula nakula.

Ondoa wasiwasi. Hizo ni alama nyekundu tu za kuwaongoza watalii, maana njia yenyewe nyepesi, saa moja mtu keshafika magofuni. Yule mzee wa kofia ya majani ni mtu mwema. Mwache afanye kazi yake. Nimekutumia na kahawa.

Mwanao,
Stratis

Kijijini, 9 Mei 1998

Stratis,

Marahaba. U mzima? Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilikuandikia rangi, sikuandika nyekundu. Nilikuandikia mtu, sikusema mzee, wala kofia. Nani kakwambia?

Jana jirani yetu Kalliroi kawakuta watu wawili wanapima shamba langu kwa kamba. Kawauliza, "Mnampimia nani jeneza?" Wakamjibu kwamba mwenye shamba anajua. Mwenye shamba ni mimi, na sijui! Ile hati uliyonitaka nitie saini mwaka jana, ukasema ni ya pensheni, ilisema nini? Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Usinitumie kahawa, nitumie jibu.

Mama yako

Athene, 30 Mei 1998

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Hati ile inaniruhusu kuuza shamba, na yule mzee wa rangi katumwa na wanunuzi. Nilijua nikikuuliza utakataa. Watajenga hoteli ndogo, ya heshima. Una miaka sabini na nne, utaokota zeituni mpaka lini? Njoo ukae nasi, chumba kipo. Natia saini tarehe ishirini Juni. Usinikasirikie, Mama.

Mwanao,
Stratis

Kijijini, 24 Juni 1998

Stratis,

Natumaini mko wazima. Mimi nimelia siku mbili, ya tatu nikachukua jembe.

Mwaka niliokuwa na mimba yako, marehemu baba yako alikuwa akichimba shimo la mzeituni akagonga sakafu ya kale ya vijiwe vya rangi, yenye picha ya kware wawili wanakunywa maji. Tukaifukia siku ileile. Kila mtu pwani hii hufanya hivyo, maana ukisema, serikali inalifunga shamba, hujengi hata banda la kuku. Tulinyamaza miaka yote hiyo ili upate cha kurithi.

Tarehe kumi na tano nikaifukua, nikawaita watu wa Mambo ya Kale. Wamezungusha waya. Wanunuzi wako nasikia wamekimbia. Hakuna atakayejenga pale, na mimi siokoti tena zeituni zangu. Imeniuma sana. Lakini saini yako ingeniuma zaidi.

Jana nilikwenda kuwaangalia wale kware. Mlinzi akaniambia, "Bibi, tafadhali rudi nje ya waya." Nikarudi.

Mama yako,
Evanthia