Maziwa Niliyosema Nimechemsha

Binti yangu Takko, huko Dakar,

Sisi tunapumua. Meno yangu yamebaki matatu na yote yanagombana. Ng'ombe wetu Oole amezaa dume.

Sasa la mwanao Penda, nililoshindwa kukwambia kwenye simu. Aliharisha damu wiki nzima. Zahanati walimpima: kilo saba, zilezile za kabla ya mvua. Muuguzi akaniuliza, "Babu, maziwa yake unachemsha?"

"Mpaka yanafurika!"

"Basi panda mizani wewe, tuone kama uongo unanenepesha."

Takko, na wewe nilikudanganya. Nilikuwa nabandika sufuria, yakipata uvuguvugu naepua. Niliogopa, kama wazee wenzangu hapa, kwamba ukichemsha maziwa kiwele cha ng'ombe kinakauka. Nikamhurumia ng'ombe kuliko mjukuu.

Leo siku ya tisa nachemsha kweli. Tumbo la Penda limetulia, uji anakula, ila ukimbeba hujui kama umebeba mtu. Na Oole hajapunguza hata tone. Laiti angekauka, ningekuwa na cha kujitetea.

Njoo unitukane ana kwa ana.

Baba yako,
Yero