Nyumba Yangu Inapumua, Mama Hataki Kuhamia

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, maana kiti nimebakiza kimoja na paka amekilalia, na sijui nianzie wapi, ila nisaidie, nimekwama.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na kwa miaka mingi nyumba ilijaa vipande vya vitambaa, viatu vya mguu mmoja, makopo, meza juu ya meza, mpaka siku moja nikasikia redioni mtu akieleza habari za kuishi na vitu vichache, nikaanza kutoa, leo kabati, kesho sanduku, na shangazi, nisikufiche, nilionja utamu. Asubuhi mwanga unaingia dirishani, unatembea sakafuni polepole bila kujikwaa, pazia linajaa upepo, linashuka, nami nasahau hata sindano iliyo mkononi, najiona kama naelea, na nikilala naota nyumba isiyo na kuta.

Sasa mama. Tangu baba afariki anaishi peke yake na miguu inamsumbua, tukakubaliana ahamie kwangu, nikamwandalia chumba chenye kitanda, shuka jeupe na msumari mmoja wa kutundikia nguo, nikaenda kumsaidia kufungasha. Alipokwenda kliniki nikaona nimrahisishie kazi, nikawagawia majirani vikombe vyake kumi na viwili vya maua, vitambaa vya meza alivyofuma mwenyewe, na redio ya baba ambayo haijalia mwaka wa sita huu, nikafagia, nikafuta rafu, nikasimama mlangoni kumsubiri kwa furaha kweli, kama mtu aliyeandaa zawadi.

Aliporudi hakupiga kelele. Alipitisha kiganja pale redio ilipokuwa, akaniuliza, "Mwanangu, hivi vyote vikishaondoka, atakayehamia kwako ni nani?" Kisha akafungua begi lake, akaanza kurudisha nguo kabatini, moja moja. Wiki ya tatu hii hataki kuja, nikimpigia anasema yu mzima, anakata, na juzi jirani yake kaniambia alianguka bafuni. Shangazi, mimi nilitaka apumzike tu. Nimekosea wapi?

Fundi wa Chumba Cheupe

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Nimeliona hilo pazia lako, nikatamani kuja kukaa nawe hapo sakafuni. Usione haya kwa kupenda uwazi, wala usidhani jambo hilo limezuliwa redioni. Bibi yangu aliishi na mkeka aliokunja kila asubuhi, sufuria mbili na kigoda, na chumbani mwake kila mtu alipata pa kukaa. Lakini aliyechagua ni yeye. Hakuna aliyekigawa kigoda chake akiwa kliniki!

Hapo ndipo ulipoharibu, na nitakusema. Wewe fundi mzima, unakata kitambaa cha mtu hujampima? Uliona redio bubu. Yeye aliona mahali mumewe alipokuwa akiweka mkono kila jioni. Mama bado anaomboleza, wewe unamjia na ufagio. Nimekukasirikia, mwanangu, na pia nimekuonea huruma, kwa sababu najua ulisimama pale mlangoni ukingoja kusifiwa.

Sasa acha kulia, fanya kazi. Zunguka kwa majirani, omba vitu virudi, na useme wazi kwamba kosa ni lako, si la mama aliyebadili mawazo. Vikipatikana vikombe vitatu, chukua vitatu. Redio usirudi bila hiyo. Kisha kaa na mama, shikeni kimoja kimoja, mwulize kilitoka wapi, halafu unyamaze, hata akisimulia mpaka chai ipoe. Atakachosema kiende, kiende. Atakachosema kibaki, kibaki, na kije kwako. Kwani nafasi yote hiyo uliitafutia nini? Chumba chako kiache kitupu utakavyo, cha kwake apange yeye. Na bafuni kwake weka mkeka wa mpira usioteleza na chuma cha kushikia, wiki hii, kabla hujafikiria kingine chochote.

Simu achana nayo. Nenda mwenyewe, na una ufunguo wa kwa mama, najua, lakini usiutumie. Piga hodi, usimame nje, usubiri hata akichelewa kwa hiyo miguu yake, maana safari iliyopita uliingia kwa mzazi wako kama dalali. Akisema karibu, ndipo uingie.