Saa Inasema Nakimbia, Nami Nimesimama Tu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako katika jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja: nadhani moyo wangu una kasoro, na aliyenijulisha ni saa.

Mimi ni msichana wa sekondari, na nyumbani wananiita Kobe kwa sababu nikiinamia kitabu sitoki humo hadi niitwe mara tatu. Michezo ya shuleni sijawahi kuiweza, mpira ukija upande wangu naupisha kwa heshima kama unavyompisha mkubwa mlangoni. Mwaka huu mama mdogo, ambaye ni muuguzi, alinunua saa mpya ya mazoezi akanipa ile ya zamani, inayohesabu hatua na kupima mapigo ya moyo, nami niliipokea kwa adabu nikijua nitaitupia kwenye droo, lakini mshauri, saa ile imenibadilisha. Nikikaa na kitabu muda mrefu inatetemeka kidogo mkononi, kama mtu anayekugusa bega bila kutaka kukuaibisha, na ina sehemu ya yoga yenye kijitu cha mistari kinachoonyesha mikao, nikaanza kukifuata mlango ukiwa umefungwa, mkao wa paka, mkao wa mtoto, na mkao wa mti, ambamo mwanzoni nilikuwa mti kwenye upepo mkali. Saa haikunicheka. Ukianguka inakusubiri. Siku hizi napanda ngazi za shule bila kuhema.

Dada yangu ni msusi. Husimama tangu saluni inafunguliwa hadi inafungwa, vidole vinasuka, mdomo unasimulia, na mimi namwona fundi wa ajabu, maana anagawa nywele kwa mstari ulionyooka kama wa rula huku anataniana na mtu aliye nje ya mlango. Lakini kiuno kilianza kumkata, akawa anarudi nyumbani ameinama, na mwenye saluni akamwambia kwa upole kwamba asipopata nafuu atamtoa kwenye kusuka amweke kupokea wateja. Dada asiyesuka ni redio isiyo na betri. Daktari alimwambia anyooshe viungo kila siku, yeye akasema peke yake anaona uvivu. Ndipo asubuhi moja akafungua mlango bila kubisha, akanikuta nimepiga magoti, mikono chini, mgongo juu. Akauliza kama natafuta hereni. Nilipomweleza, alikuja akapiga magoti kando yangu, na tangu siku hiyo tunafanya pamoja, na kiuno kimeanza kumwachia, ila ikifika mchana kinarudi.

Sasa dada hana siri. Amewasimulia wenzake wote, na mwenye saluni amekubali wawe wananyoosha viungo na mchana pia, mradi kwanza niende Jumamosi kabla hawajafungua niwafundishe vizuri, asije mtu akavunjika mbele ya mteja. Dada akawaambia "Kobe atakuja" bila kuniuliza. Mimi mbele ya watu sauti huingia tumboni ikagoma kutoka, na juzi mwalimu aliniita nisome insha yangu mbele ya darasa, nikasoma nimeikodolea macho karatasi, nikarudi kukaa, na saa ikatetemeka ikaandika: Hongera, umekamilisha mazoezi makali. Mazoezi gani, nami sikusogea hatua? Nimesoma sura nzima ya moyo kwenye kitabu cha biolojia na ugonjwa huo sikuuona. Mama mdogo simwambii, ataichukua saa. Naogopa nikisimama mbele ya wasusi wote wale nitaanguka, na nisipoenda dada atapoteza kusuka. Je, nimwambie naumwa moyo? Utakuwa uongo au ukweli?

Kobe

JIBU

Binti yangu Kobe,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikitabasamu. Tuanze na lililo zito. Una muuguzi ndani ya ukoo, tena ndiye aliyekupa saa, halafu wewe unakwenda kuuliza kitabu? Hapo umenikasirisha. Leo hii, kabla hujala cha jioni, mwambie mama mdogo akupime. Habari za moyo hazikisiwi. Na saa hataichukua. Nani anyang'anye zawadi kwa kosa la kufanya kazi yake?

Ninachodhani ni hiki. Saa yako ilihesabu sawasawa, ikakosea jina. Ilisikia moyo unakwenda mbio, ikahisi mkono unatetemeka na karatasi, ikajumlisha, ikaona huyu bila shaka anakimbia. Insha haijui ni kitu gani. Naisifu, maana imekutoa kwenye kiti pale ambapo walimu wa michezo walinyoosha mikono, lakini inajua mapigo tu, sababu unaijua wewe. Wewe umeigeuza hakimu. Tena soma vizuri hukumu yenyewe: imeandika umekamilisha. Uliogopa, na insha ikafika mwisho.

Umwambie dada unaumwa moyo? Usithubutu. Mwambie unaogopa, basi. Mtu aliyekukuta umeinua mgongo kama paka na akaja kupiga magoti kando yako, utamficha nini tena? Naye nina neno lake, msomee: mdogo wako si kiti cha saluni, useme nani atakaa lini. Mwombe.

Kisha uende. Usihutubu. Fundisha mikao ile mitatu unayoijua, anayeumia aache, na mwenye kiuno kibovu afuate alivyoambiwa na daktari. Macho yao yakikutisha, wape mgongo, ufanye wakufuate. Saa mvalishe dada. Siku hiyo huhitaji kuambiwa moyo wako unafanya nini.

KOBE AANDIKA TENA

Mpendwa mshauri,

Jioni ileile mama mdogo alinikalisha kwenye kiti cha jikoni, akanipima, akanisikiliza kifua, akanisimamisha akasikiliza tena. Alisema moyo wangu ni mzima, ni wa mtu mwoga tu, na kwamba siku nyingine nikiogopa kitu nimpigie yeye kabla ya kufungua biolojia. Saa aliiacha.

Dada nilimwambia nikiwa nimeutazama ukuta. Alikuja akakaa kando yangu, akasema, "Samahani, mdogo wangu. Nilikutangaza kwa sababu naringa nawe." Halafu akaniomba upya, kama vile habari hiyo inaanza siku hiyo. Nikakubali.

Jumamosi nilikwenda. Nilimvalisha dada saa, nikatandika mkeka, nikawapa mgongo kama ulivyosema. Lakini mshauri, kuna jambo hukulifikiria, nami nilikuwa nimelisahau: saluni ile kuta zake ni vioo. Nilipowageuzia mgongo niliwakuta wote mbele yangu ndani ya kioo, mwenye saluni, wasusi, na dada mwishoni karibu na draya za kukaushia nywele. Sauti ikaingia tumboni. Nikaisubiri, kama saa inavyonisubiri mimi. Nikiwa nasubiri niliona kwamba hakuna aliyenitazama. Kila mmoja alikuwa anajitazama mwenyewe kwenye kioo, kama amesimama sawa, kama tumbo limeingia, kama jirani yake amemzidi.

"Mguu wa kulia juu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini miguu yote ikainuka.

Mwenye saluni aliyumba akashika sinki la kuoshea nywele, akasema mti wake umeliwa na mchwa. Tulicheka hadi tukaanguka, tukaanza upya. Saa ilitetemeka mkononi mwa dada. Hakuniambia imeandika nini, nami sikuuliza.

Mteja wa kwanza alipobisha, nilikunja mkeka, nikakaa pembeni na kitabu. Sikujua asubuhi imepita vipi. Nilihisi mtu ananigusa bega. Ni dada, kitana mkononi, mgongo umenyooka. Alisema nimekaa sana, na kwamba wenzake wananingoja. Nilipoinua macho, draya zilikuwa zimezimwa, na wote wamesimama mbele ya vioo. Nikafunga kitabu, nikainuka.